Uzito Kwenye Kitanda cha Kamba

Sheffield, Uingereza
3 Machi 1957

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikaweka kalamu chini kidogo, maana sijamwamkia mtu wa damu yangu tangu nilipokuwa kijana. Hujambo? Miguu bado inakubeba? Mvua imenyesha? Mimi sijambo kwa kadiri ya mzee anayeishi penye baridi: kifua hukoroma asubuhi, kisha hutulia nikipata chai.

Kwamba sasa unaitwa Rahabu nimesikia juzi tu. Kuna kijana amekuja mjini hapa kusomea uganga wa hospitali, Simeoni, mwenyeji wa Kiomboi. Alinikuta sokoni nikihesabu vitunguu kwa Kinyiramba, desturi ya mtu anayeishi peke yake. Akanishika mkono. "Mzee, umejifunza wapi kuhesabu hivyo?" Nikamtajia Kinyangiri, nikamtajia baba yetu Gunda mwenye mizinga ya nyuki. Akasema, "Binti yake namfahamu. Mama Rahabu. Yu hai." Nilikaa juu ya gunia la mtu bila kuomba ruhusa.

Mimi ni Mkumbo. Nilichukuliwa upagazi wa vita, unakumbuka, wakati Waingereza walipokuwa wakimfukuza Mdachi. Kule Rufiji homa iliniangusha, wenzangu wakaniacha penye wafu wakiamini nimekwisha. Sikufa. Nilipelekwa hospitali Dar es Salaam, baadaye nikapata kazi ya kuchochea makaa melini, na meli ikanimwaga huku. Nilipojua kuandika nilituma barua mbili kwa boma. Zote zilirudi: mwenyewe hajulikani. Nikaelewa kwamba hamko tena. Nilioa hapa mama mmoja mjane, mtu mwema sana, ametangulia. Kanisani waliniita Kefa. Nimesoma vitabu vingi, na Kiswahili nimekitunza kwa Biblia na magazeti ya wamisheni.

Siombi kitu, dada. Nataka kujua jambo moja. Kama mlango wa nyumba ya baba bado unanifahamu, ningependa kuuingia kabla sijafa. Kama umefungwa, niambieni vilevile, nami nitashukuru kwa kuambiwa.

Kazi yangu ni kupiga mshale katika chuo kikuu. Usicheke. Nikipata jibu nitaeleza.

Mdogo wako,
Mkumbo


Kinyangiri, Jimbo la Kati, Tanganyika
22 Mei 1957

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nafuu, na kwamba kifua kimepata joto la Mei, ikiwa huko Mei ina joto. Sisi ni wazima. Uwele umetoka vizuri na ng'ombe wana maziwa. Hunijui. Mimi ni Dina, kitinda mimba wa Rahabu, mwalimu wa shule ya misheni hapa. Mama hakusoma, kwa hiyo mkono ni wangu. Maneno yake utayatambua mwenyewe. Macho yake yameingia utando. Watu huwatambua kwa sauti na nyayo.

Mjomba, lazima ujue tulivyokuzika. Vita ilipokwisha, mpagazi mmoja alirudi akasema amekuona umelazwa pamoja na wafu. Mjomba Zefania, kaka yenu mkubwa, akatangaza matanga. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, walizika upinde wako nyuma ya zizi, wakaweka jiwe. Siku ya kumaliza msiba ndugu wote walinyolewa. Mama alikataa. Alisema, "Upinde si mtu. Sijaona maiti, sinyoi." Wakambembeleza, kisha wakamtisha kwamba msiba usiofungwa huila nyumba. Hakunyoa. Tangu siku hiyo Mjomba Zefania hajala chakula katika nyumba ya mama. Akija husimama nje ya uzio, husema la kusema, huondoka. Ng'ombe akifa, ni nywele za Rahabu. Mvua ikichelewa, ni nywele za Rahabu. Mimi nimezaliwa nikayakuta hayo.

Nilipomsomea barua yako hakulia. Aliagiza, nami naandika kama alivyosema:

"Mwambie huyo mtu: kama ndiwe, nani alitoboa kibuyu cha asali cha Zefania? Asijibu upesi. Na kama hajui, asituandikie tena, maana mimi ni mzee, sina nguvu ya kumpoteza mtu mara mbili."

Nikasema, "Mama, hilo la mwisho ni kali."

"Andika. Si amesema huko kuna baridi? Kali itampasha moto."

Anasema pia nikuambie kwamba reli ilijengwa kutoka Manyoni mpaka hapa Kinyangiri, ikakaa, wakaja kuing'oa, wakachukua vyuma vyote. "Hata gari moshi limekuja na kurudi kwao. Yeye bado."

Wanafunzi wangu hawaamini kwamba chuo kikuu kinaajiri mpiga mshale. Nami siamini sana.

Mpwa wako,
Dina


Sheffield
14 Julai 1957

Dada, shikamoo. Dina mpwa wangu, marahaba, na Mungu akuzidishie mwandiko huo mzuri. Nashukuru kwa habari zote, hata zile za kuzikwa kwangu. Ni watu wachache wanaopata kusikia jinsi walivyoliliwa.

Kibuyu kwanza. Kibuyu cha Zefania ulikitoboa wewe, dada. Tulikuwa juu ya dungu tukilinda uwele, ndege wamepungua, nawe ukaninyang'anya upinde, ambao baba alikataza mtoto wa kike asiuguse. Ukasema, "Kiangalie kile kibuyu." Ukazuia pumzi. Asali ilianza kutoka uzi mmoja mwembamba, inang'aa juani. Nikachapwa mimi. Sikukutaja, na jioni ulinipa nyama yako yote. Shabaha niliyo nayo niliiba kwa macho kutoka kwako siku ile, nayo ndiyo iliyonilisha katika nchi hii. Asante.

Sasa mshale. Niliajiriwa chuoni kufagia karakana. Aliyekuwa akipiga mshale alipostaafu waliuliza nani anaweza, nikainua mkono. Mabwana zangu ni wawili, na wamenilea zaidi ya walivyonitumikisha. Mmoja ana ubao na chaki, sijawahi kumwona ameshika bisibisi. Nimempa jina Kalamu. Wa pili huunda vyombo na daima mikono yake ina mafuta. Yeye ni Nyundo. Majina hayo wanayajua na wanayapenda.

Wanachotafuta ni kimoja: uvutano, nguvu ile inayoangusha jiwe na kuushikilia mwezi. Bingwa mmoja wa hesabu, aliyefariki juzijuzi, alifundisha kwamba kitu kizito hubonyeza mahali kilipo, na vingine huteremkia kwenye bonde hilo. Dina, chukua kitanda cha mama cha kamba, tandika ngozi ya ng'ombe juu yake, mkalishe mama katikati, kisha weka kibuyu kitupu pembeni. Kitabiringika kumwendea. Hakuna mkono uliokivuta, kitanda kimebonyea. Hiyo ndiyo elimu yake, na nyota zimeipima zikaikubali.

Lakini iko elimu ya pili, ya vitu vidogo mno. Wamehakikisha kwamba hata nuru haimiminiki kama maji. Huja punje punje, kama uwele unaodondoka kwenye ungo. Sasa Kalamu anauliza: ikiwa nuru ni punje, uvutano je? Ile ngozi laini, mtu akiingia chini yake, hatakuta kamba na mafundo? Elimu hizi mbili, kila moja ni kweli nyumbani kwake. Zikikutana kwenye ubao hugombana kama wake wenza.

Nyundo humjibu, "Ubao hauvuti kitu. Nionyeshe." Hapo ndipo ninapoingia mimi. Lipo jiwe jeupe linalometa, mnalikanyaga kila siku huko vilimani. Tunaliyeyusha kwa moto mkali sana, tunalinasisha kwenye mkia wa mshale, nami naupiga mshale kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma yake hubaki uzi mwembamba kuliko wa buibui. Huuoni mpaka uangukie kitambaa cheusi. Uzi huo tunauning'iniza, tunaufunga kijiti chenye vipande viwili vidogo vya dhahabu, halafu tunasogeza tufe zito la madini ya risasi karibu. Kijiti hugeuka kidogo. Uvutano, dada! Si wa dunia nzima, ni wa tufe ninaloweza kulibeba mwenyewe. Mara ya kwanza nilipouona nilivua kofia.

Kwa hiyo mlizika upinde mmoja, mwingine ukanifuata.

Mdogo wako na mjomba wako,
Mkumbo


Kinyangiri
9 Oktoba 1957

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo isipokuwa vumbi. Jua la mwezi huu limeyabana macho ya mama. Anaona mwanga na kivuli, zaidi ya hapo hapana. Nakuambia sasa kwa sababu yeye alinikataza kukuambia.

Nilipofika kwenye habari ya kibuyu mama alicheka mpaka akalala chini. "Ndiye! Ndiye! Hakuna mwingine aliyekuwa pale, labda ndege." Akaniambia nimkimbilie Mjomba Zefania. Akaja na fimbo yake, akasimama nje ya uzio kama kawaida. Nikasoma kwa sauti.

"Kwa hiyo ni wewe!" akamfokea mama. "Nimemchapa mtoto wa watu bure!"

"Umemchapa bure, ukamzika bure," mama akamjibu.

Mjomba Zefania akafikiri. "Hata hivyo," akasema, "huyo anaweza kuwa mtu aliyesimuliwa na Mkumbo kabla hajafa. Wapagazi walikuwa wakisimuliana mengi njiani. Mimi nilimlilia mtu kwa machozi, simfufui kwa karatasi. Aje nimwone. Nikimwona, nitaingia ndani ya uzio huu na nitakula."

"Na akija kesho ukiwa umekufa?"

"Basi utakuwa umeshinda, Rahabu, na ugali utaula peke yako."

Ndivyo mambo yalivyo, Mjomba.

Kitanda tumekijaribu. Niliwaleta wanafunzi uani, mama akakaa katikati, kibuyu kikabiringika, watoto wakapiga makofi kana kwamba mama amefanya muujiza. Naye akawaambia, "Anayelala juu huona ngozi. Kamba anazijua aliyesuka kitanda." Halafu akanigeukia: "Waulize hao Wazungu wake, wanawezaje kuziona kamba ikiwa hawawezi kuingia chini ya kitanda?" Nami nakuuliza wewe.

Kuna nyota waliyoirusha Warusi, watu wanasema inapita angani. Ni kweli?

Njoo, Mjomba. Yeye hatasema. Ninasema mimi.

Mpwa wako,
Dina


Sheffield
15 Desemba 1957

Dada, shikamoo. Dina, marahaba. Kumeanguka theluji, na nimewasha moto nikisoma barua yenu kwa mara ya tano, nikashiba.

Nyota ya Warusi ni kweli. Mwulizeni yeyote kwa nini haianguki, atababaika. Ukweli ni kwamba inaanguka siku zote, ila inakwenda upande kwa kasi hata ardhi inaikwepa. Kuanguka kuelekea nyumbani mwaka hata mwaka bila kufika: nilipoelewa hilo niliionea huruma.

Swali la dada ni swali lenyewe, nami nililipeleka kwa Kalamu kama lilivyo. Hili ndilo jibu lake. Vitu vidogo mno vina tabia ngumu kuamini. Punje moja inaweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kulia na kushoto, mpaka kitokee kitu cha kuitambua. Ndipo huwa upande mmoja tu. Wamepima, si hadithi. Na kila chenye uzito huvuta. Basi kitu kilicho mahali pawili kinavutia upande gani? Kikivuta kutoka pande zote mbili, uvutano nao ni wa ukoo wa punje, na chini ya ngozi kuna kamba. Ila Kalamu anataka kitu kidogo sana, kiweze kuwa mahali pawili. Nyundo anataka kitu kizito, kiweze kuvuta hata uzi wangu usikie. Kimoja chenye sifa zote mbili hakijapatikana, na huenda kisipatikane wakiwa hai. Wanajua hivyo, na kila asubuhi wanakuja kazini. Nimejifunza kuwaheshimu kwa hilo kuliko kwa vyeti vyao.

Sasa nywele, dada. Nimelikwepa neno hili katika barua iliyopita kwa sababu sikujua nilishike wapi. Kila mtu alitaka jibu: amekufa, yaishe. Wewe ulikaa na swali, ukalishwa maneno machungu miaka yote hiyo kwa ajili ya mtu ambaye hata hakujua kama ana deni la shukrani. Mke wangu alipofariki nilihisi sina mtu duniani anayeniwaza. Kumbe alikuwepo, na alikuwa anagombezwa kwa ajili ya mvua. Asante, dada yangu. Ningekuwa na neno kubwa zaidi ningeliandika.

Nitakuja. Nimemwahidi Nyundo uzi mmoja, mwembamba kuliko wowote niliowahi kutoa, kwa chombo chake kipya. Nikiutoa, ninapanda meli. Mpeni kaka Zefania shikamoo yangu, na mwambieni asife.

Mkumbo wenu


Kinyangiri
20 Februari 1958

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama, mvua imekuwa nzuri, mahindi yamenifika kifuani. Mjomba Zefania amepokea shikamoo yako kwa kusema, "Sijaitika. Nitaitika nikiisikia kwa masikio."

Mama amezungumza neno moja kuhusu kitu kile cha mahali pawili, na amelirudia mpaka nimeona nisipoliandika hatalala. "Mwambie Kalamu aache kutafuta. Mimi ninacho. Ninaye mtu aliyekuwa kaburini nyuma ya zizi na wakati huohuo alikuwa Ulaya, na pande zote mbili alikuwa ananivuta."

Nilimweleza kwamba mtu si punje. Akasema, "Wewe mwalimu, andika tu."

Kivuli nacho kinampotea sasa. Fanya haraka na uzi wako.

Mpwa wako,
Dina


Kinyangiri
30 Mei 1958

Mjomba,

Shikamoo. Tangu Desemba hatujapata barua. Nimekwenda kwa karani wa posta wa misheni hata ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijasalimu.

Jana Mjomba Zefania alisimama nje ya uzio. Nilidhani atasema, "Niliwaambia." Alisimama tu, akauliza, "Hakuna kitu?" Mama akasema, "Hakuna." Akaondoka polepole. Nadhani naye anasubiri, na kusubiri kunamwaibisha.

Mama ameanza tena kusema lile neno lake la zamani: "Sijaona maiti." Anasema akiwa anapepeta, anasema akiwa anapika. Tafadhali, kama u hai, tuandikie hata mstari mmoja.

Dina


Sheffield
20 Julai 1958

Dada, shikamoo. Dina, marahaba, mwanangu, na unisamehe. Barua zenu mbili nimezipata kwa pamoja. Nilikuwa hospitali tangu Januari kwa ajili ya kifua, na mwenye nyumba alizihifadhi kwenye bakuli la sukari, akiogopa kwamba habari za nyumbani zitanisumbua. Mzungu mwema akikosea, hukosea kwa wema. Simeoni alipelekwa kusoma mji mwingine, hakujua. Sasa natembea, napumua, na daktari anasema kipupwe kingine cha huku kitanimaliza. Nimemwambia tunakubaliana kabisa, nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Uzi niliutoa. Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja karakana. Nilikohoa nikikaza upinde, Nyundo akasema tuache. Nikazuia pumzi kama dada juu ya dungu. Mshale ulipogonga ukuta hatukuona kitu hata kwenye kitambaa cheusi, tukadhani umekatika. Ndipo Nyundo akapuliza, akauona unameta. Tulisimama pale wazee wawili tukiogopa kukohoa.

Chombo kilifanya kazi wiki kadhaa. Walipima mvuto wa kipande cha dhahabu kisichozidi punje ya uwele. Ulikuwepo. Lakini punje ya uwele, kwa Kalamu, bado ni mlima. Haiwezi kuwa mahali pawili. Kwa hiyo jibu la swali lake ni lilelile la mwaka jana: hatujui. Hakununa. Alisema uzi umefanya njia iwe fupi kidogo, na kwamba wataitembea wengine wasiozaliwa bado.

Nilimpa neno la dada. Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza jina lako linaandikwaje, akaliandika kwenye kona ya ubao, pale anapoandika mambo yasiyofutwa. RAHABU. Mfagiaji amekatazwa kulifuta.

Wamenichangia safari, na Nyundo amenipa kipande cha uzi wangu ndani ya kisanduku cha kioo. Jambo moja alinieleza tulipoagana, nami nalileta badala ya zawadi kubwa. Nguvu nyingine zote unaweza kuzizuia kwa ukuta au kwa chuma. Uvutano ndio mnyonge kuliko zote, na haujapatikana ukuta wa kuuzuia.

Meli yangu inaondoka mwezi ujao. Dada, usiandike tena huku.

Mkumbo


Kinyangiri
28 Septemba 1958

Dina, mpwa wangu,

Hujambo huko Mpwapwa? Chakula cha chuo kinalika? Sisi huku hatujambo, na neno "huku" naliandika kwa mkono usioamini. Umeondoka kwenda mafunzo wiki moja kabla sijafika, kwa hiyo nitakueleza yote, maana wewe ndiwe uliyenivuta mpaka hapa, nawe umestahili kuyaona. Ahsante yangu kwako itakungoja uani ukirudi.

Basi liliniteremsha mchana. Sikuhitaji kuuliza njia. Kwenye mawe yale makubwa miguu ilikata kulia yenyewe. Nilimkuta mama yako uani, amekaa kwenye kitanda cha kamba, ngozi imetandikwa, ungo wa uwele uko kando yake. Amekuwa mdogo, Dina. Mimi katika kichwa changu nilikuwa bado namtazama kwa kuinua uso.

Nikasema, "Shikamoo, dada."

Hakuitika. Aligeuza sikio. "Nyayo hizo sizijui," akasema. "Ni za viatu. Na sauti ni ya mzee. Mkumbo alikuwa na sauti ya kijana."

"Imezeeka njiani."

"Kila mtu anaweza kusema hivyo. Kaa hapa."

Nikakaa. Kamba zikalia, ngozi ikabonyea, ungo ukateleza ukamwaga uwele, na mama yako akateremka taratibu mpaka bega lake likagota kwenye bega langu. Hakujirudisha. Tulikaa hivyo, uwele ukiendelea kutubiringikia mapajani. Nilisikia pumzi yake. Aliizuia, kama siku ile.

"Mzito," akasema. Kisha akasema, "Marahaba, Mkumbo."

Sitaandika kilichofuata. Kuku walikula uwele wote.

Kaka Zefania aliletewa habari na watoto. Alikuja bila fimbo, akasimama nje ya uzio. Nikaenda nikamwamkia. Alinitazama usoni, akanishika sikio, hili lenye kovu alilolitia yeye mwenyewe siku ya kibuyu. Hakuitika palepale. Alizunguka nyuma ya zizi, tukamsikia anahema, akarudi anabiringisha lile jiwe waliloliweka juu ya upinde wangu. Alilipitisha uzioni na yeye mwenyewe akaingia nalo. Akalisimamisha karibu na jiko, akasema, "Hili litakuwa la kukalia." Ndipo akasema, "Marahaba."

Mama yako akageukia jiko. Alisonga ugali kwa kupapasa, akaweka mlenda, akaweka maziwa. Kaka akanawa. Akamega tonge, akatafuna, akameza, nasi wawili tukimngoja.

"Chumvi imezidi," akasema. "Miaka yote hii, na bado unazidisha chumvi. Na asali yangu iko wapi?"

"Ililiwa na sisimizi kabla Mdachi hajaondoka," mama yako akamjibu. "Kula."

Akala mpaka mwisho. Baadaye alikataa lile jiwe, akasema linaumiza, akaja kujibanza kitandani kati yetu. Kamba moja ikakatika.

Nimempa mama yako kile kisanduku. Alikifungua, akapitisha kidole. "Hakuna kitu humu."

"Kipo, dada."

"Umezunguka dunia nzima uniletee kitu kisichoonekana?" Lakini amekiweka pale anapoweka Biblia yake, na mtoto yeyote akikisogelea anafukuzwa.

Mama yako aliniuliza zamani, kwa kalamu yako, kamba zitaonekanaje na watu wasioweza kuingia chini ya kitanda. Bado sina jibu, wala Kalamu hana. Kwa sasa nimeingia chini ya hiki. Kamba iliyokatika ni ya katikati, iliyokuwa inabeba wengi. Kaka ametoa ngozi ya fahali, tumeiloweka tangu jana, na kesho asubuhi tutakata kamba mpya, yeye akivuta upande huu, mimi upande ule. Mama yako amesema atakaa juu kuona kama imekaza.

Mjomba wako, niliyeko nyumbani,
Mkumbo